Mashine ya Milango Miwili

Nyinyi vijana mnaoingia dobi ya hospitali baada yangu, someni hii mkiwa mmekaa, na mzime hizo simu. Mimi si mwalimu. Shule niliacha darasa la nne huko Kitui, ng'ombe walipohitaji mtu wa kuwapeleka maji. Kuandika vizuri nilijifunzia kanisani nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimya kimya, msiniletee.

Nimestaafu mwezi uliopita. Walinipa keki na blanketi. Blanketi ni la hospitali, nalijua, nimelifua mimi mwenyewe. Mambo ya cheo na mshahara sitaandika, hayo yako ofisini kama mnayataka. Nataka kuwaambia jinsi kazi ilivyokuwa, na jinsi nilivyoifanya vizuri mpaka nikaharibu.

Siku ya kwanza nilifika na gauni la kanisa. Msimamizi wa dobi wakati huo alikuwa Mama Salome, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya fundi wa mawe. Aliniangalia kutoka kichwa mpaka chini.

"Arusi ni ya nani?"

"Nimekuja kazi, mama."

"Basi vua hilo gauni kabla kazi haijalivua."

Akanipa aproni ya mpira na gamubuti za mtu mwingine. Hakukuwa na mashine siku hizo, labda muite boila mashine. Tulikuwa na matangi manne ya simiti, fito ndefu za kukoroga, na mvuke uliotoka kwa paipu ukikohoa. Nilitoka jioni vidole vimekunjamana kama nimekufa maji. Nikatembea mpaka Laini Saba, nilikokuwa nimekodi chumba karibu na reli, nikalala bila kula.

Mama Salome alinifundisha mambo mawili ambayo mpaka leo hakuna mtu wa cheti aliyeyapinga. La kwanza: shuka haiingii majini kabla ya kukung'utwa na watu wawili, pembe nne, nje ya tangi. Wauguzi wana haraka. Wanakunja shuka na chochote kilicho ndani. Nimekung'uta makasi, sindano, meno ya bandia, tasbihi, nusu chapati, na barua ya mapenzi ambayo haikuwa ya mgonjwa. Mwezi wangu wa pili sindano ilinichoma kiganjani kwa sababu nilikung'uta peke yangu, nikijifanya mwepesi. Mama Salome alinishika mkono akanipeleka kwa sista mwenyewe, na njiani hakusema neno. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko sindano.

La pili: damu ni maji baridi. Ukiitia maji moto unaipika, inashika uzi kama yai linavyoshika sufuria, na hapo hata uombe haitoki. Maji baridi, chumvi kidogo, subira. Baadaye ndiyo moto.

Halafu kulikuwa na rola. Mitungi mitatu ya chuma yenye mvuke ndani, unalisha shuka huku mbichi inatokea kule imenyooka. Ilikuwa imekula vidole viwili vya Mama Salome, vya mkono wa kushoto, na bado aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye nta. Ukimuuliza habari ya vidole anakuambia, "Nilikuwa nikiongea." Basi. Mkiwa mbele ya rola msiongee.

Tulikuwa wanawake wanane. Kila mmoja alikuwa na kibati chake, kimekatwa kutoka mkebe wa mafuta na kutobolewa tundu, na alama aliyoichagua mwenyewe, maana wengi hatukusoma. Changu kilikuwa na msalaba. Ukifika unakitundika kwenye msumari wako, ukimaliza mzigo wako unakigeuza. Na hapo ndipo palipokuwa na desturi yetu, tuliyoiita kubebeana. Mtoto wako ana surua, au kuna mazishi nyumbani, au mume amevunja mlango na huwezi kuacha nyumba wazi: mwenzako anatundika kibati chako, anafua mzigo wake, halafu anafua wako na kukigeuza. Hakuna aliyeuliza utalipa vipi. Siku yake ingefika. Mwanangu Mwende alipougua nimonia nilikaa naye siku tisa, na kibati changu hakikukosa msumari hata siku moja.

Bwana mkubwa wa zamani, aliyekuwa juu ya Mama Salome, alijua. Alikuwa akihesabu vibati, anahesabu vichwa, halafu anatoka nje kuvuta sigara.

Mama Salome alipostaafu, rola ikawa yangu. Mwaka huohuo akaja Nafula, mtu wa Bungoma, mwembamba, na watoto wawili na mume ambaye hakuna aliyejua aliko. Alikuwa akikaa mtaa wa Raila, kule bondeni Kibera. Siku ya kwanza aliziba masikio.

"Mama Mwende, kwetu tunafua mtoni. Nyinyi hapa mnafua kwa kelele."

"Mto wenu una shuka mia mbili?"

"Hapana. Una samaki."

Nilimpenda palepale, ingawa sikumwambia, maana mtu mpya ukimpenda haraka anaharibika. Nilimfundisha kukung'uta, nikamfundisha damu, nikamfundisha rola na kunyamaza. Kukunja alinishinda. Alishika shuka kwa kidevu, mikono ikaenda, na pembe zikalala juu ya pembe kama zimeshonwa. Wauguzi wa wodi ya wazazi walikuwa wakiuliza, "Hizi ni za Nafula?" kabla ya kutandika.

Fundi wa boila alikuwa Otieno, na yupo bado, mtamkuta, msimguse vifaa vyake. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akibuni kitu. Alituona tunavyoinama ndani ya troli kutoa nguo za chini kabisa, migongo ikilia. Akaenda kwa mafundi wa jua kali pale Laini Saba, wakamchomea sanduku la chuma lenye magurudumu. Ndani akatia springi za kitanda kibovu cha wodi, na ubao juu yake. Ukijaza nguo, ubao unashuka. Ukitoa, ubao unapanda wenyewe mpaka kiunoni.

"Otieno, umetengenezea nguo kitanda," nikamwambia.

"Cheka tu, Mathe," akasema, akiniita mama kwa Kisheng. "Mgongo wako utakuja kunishukuru."

Ulishukuru. Lakini kulikuwa na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuinama na kutupakulia, na baada ya troli tatu za namna ile akapelekwa jikoni. Kazi ya jikoni hakuitaka. Tulimsindikiza kwa maneno mazuri, wakaleta mwingine wa kufua tukabaki wanane vilevile, na hatukufikiri zaidi.

Halafu ikaja mashine ya milango miwili, hii mnayoijua nyinyi. Walibomoa ukuta ili ipite, wakajenga mwingine katikati ya dobi. Upande mmoja ni uchafu, upande wa pili ni usafi, na mashine imekaa ndani ya ukuta wenyewe, mlango mmoja huku, mwingine kule. Kijana wa tai aliyekuja na wauzaji alitueleza kwamba milango hiyo haifunguki yote kwa pamoja hata ukiilazimisha. Uchafu ukiingia, haurudi. Hata hewa haipiti. Mtu akitaka kuvuka kwenda usafini lazima aoge na abadilishe nguo.

Inapima uzito yenyewe. Inavuta sabuni na dawa kwa paipu, kiasi inachotaka, haikuulizi. Nikamuuliza kijana, "Na damu je?"

"Inaanza na maji baridi yenyewe, Mama. Iko ndani ya programu."

Jambo nililolijua kwa miaka, kile chuma kilikuja kikilijua kabla ya kuunganishwa stima.

Rola nayo ikaongezwa mikono ya chuma inayovuta shuka, inainyoosha, inaikunja mara tatu. Nafula alisimama akaiangalia kwa muda mrefu. "Haina kidevu," akasema.

Vibati viliondolewa. Kila mmoja akapewa nambari. Mimi nne, Nafula kumi na moja, sikuelewa walivyopanga. Kabla ya kuanzisha mzigo unabonyeza nambari yako upande wa uchafu, na wa upande wa pili anabonyeza yake ndipo mlango wake ufunguke. Mashine inatoa karatasi nyembamba, ndefu, kama risiti ya supamaketi: nambari, saa, kilo. Hakuna aliyefutwa. Ofisi ilituambia mashine imekuja kutusaidia. Ikatusaidia kweli, mpaka kuna siku tulikuwa tumekaa wanane tunaiangalia ikizunguka.

Nafula aliwekwa usafini, mimi uchafuni. Tulikuwa tukigongeana ukuta. Mara moja ni "uko?", mara mbili ni "chai".

"Mimi sipendi hii kazi ya kukaa," aliniambia siku moja tukiwa nje na vikombe. "Mtu akikuona umekaa sana anaanza kujiuliza wewe ni wa nini."

Nikamwambia aache kutabiri, anywe chai.

Na kubebeana je? Kulihamia kwenye nambari. Tuligundua mashine haijali ni kidole cha nani. Nafula akichelewa, mtu anabonyeza kumi na moja, mzigo unaenda, karatasi inaandika kumi na moja. Tulifurahi sana. Tulicheka kwamba wamenunua chuma cha bei yote hiyo na hakina macho. Sikilizeni hapa vijana: hilo ndilo kosa letu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Bwana wa zamani alikuwa na macho, alituona, na akaamua kutotuona. Kitu kisicho na macho hakiwezi kukusitiri.

Uchaguzi ukaja baada ya Krismasi. Siku matokeo yalipotangazwa nilikuwa zamu na Otieno. Tulisikia makelele kutoka bondeni kabla redio haijamaliza, halafu tukaona moshi. Kule nyumbani watu walianza kuulizana jina la baba kabla ya salamu, wajue kabila. Otieno ni mtu wa Nyanza, mimi ni wa Ukambani. Tuliangaliana pale kando ya boila, na naomba msicheke, niliogopa mtu niliyemjua miaka yote ile. Yeye pia aliogopa, niliona.

"Mathe," akasema, "mimi na wewe leo ni watu wa boila tu."

"Washa, basi."

Hatukutoka kwa wiki nyingi. Jirani alinipigia akaniambia chumba changu cha Laini Saba kimevunjwa, wamebeba godoro na jiko, halafu wamechoma. Mwende, ambaye alikuwa ameolewa Kawangware, akasema nisijaribu kwenda kwake, huko pia barabara zimefungwa kwa mawe na matairi. Nikalala kwenye stoo, juu ya marobota.

Vita vyenyewe sikuviona. Nilivifua. Shuka zilikuja na troli zikiwa nzito, zinadondosha maji mekundu. Zilikuja na udongo wa mitaro, na majivu, na nguo za watu zilizokatwa na makasi kwa sababu hakukuwa na wakati wa kufungua vifungo. Zilikuja na harufu ya mpira uliochomwa, na hiyo haitoki kwa mzunguko mmoja, programu haikuijua. Niliirudia mara tatu. Nilikung'uta peke yangu, jambo nililowakataza wote. Siku moja kilianguka kiatu cha mtoto cha mguu mmoja. Nilikiweka dirishani siku nne, nikingoja mtu aje kukiuliza.

Wenzangu saba walikuwa wamekwama. Wawili walikimbilia uwanja wa chifu, mmoja alirudi kwao mashambani na basi la mwisho, wengine walikuwa Kibera ndani. Kadi za simu zilikuwa zimekosekana madukani, kwa hivyo Nafula aliponipigia, siku ya tano saa za mchana, nilijua ameazima simu na hana dakika nyingi.

"Mama Mwende. Kuna watu wa kanisa wanavuka kila asubuhi na kitambaa cheupe, wanapitia kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Wauguzi wawili na mpishi wa hospitali wamevuka nao jana na leo. Nije nao kesho?"

"Usije."

"Viatu nimevaa tangu asubuhi. Watoto nimewaacha kwa jirani."

"Nafula, mimi ndiye ninayeona shuka. Wewe huzioni. Usije."

"Watanifuta."

"Nani akufute? Nambari yako ninabonyeza mimi. Ninyi nyote nimewabeba. Vua viatu, kaa na watoto wako."

Akasema, "Sawa, kama ni wewe umesema," na simu ikakatika.

Nilifanya nilivyosema. Mzigo wa kwanza nne, wa pili kumi na moja, wa tatu mbili, na kadhalika, mpaka wote wanane wapite, halafu naanza upya. Nilipakia upande wa uchafu, nikaenda kuoga, nikavaa nguo safi, nikavuka, nikabonyeza nambari nyingine, nikatoa. Kuna siku nilioga mara saba. Ngozi ilikuwa inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Otieno aliangalia boila na rola. Hakuna wodi iliyokosa shuka, hata siku moja. Nilikuwa na kiburi, nasema wazi. Nilikuwa nikifikiri Mama Salome angeniona.

Otieno alisoma karatasi moja ikitoka kwenye mashine, akatikisa kichwa.

"Mathe, hawa watu wa kwenye karatasi wako wapi? Unaandikisha mizimu."

"Angalia boila yako."

"Ninaiangalia. Lakini mzigo wa kumi na moja umeanza dakika ile wa nne umeisha. Na wa mbili vivyo hivyo. Mtu akisoma saa ataona ni mtu mmoja anakimbia."

"Nani ana wakati wa kusoma saa?"

Mambo yalipotulia, wakubwa wa siasa walipopeana mikono na watu wakaanza kurudi, wenzangu walikuja geti siku moja, wote saba. Nafula alikuwa amekonda zaidi. Tulishikana mikono, tukacheka kama wasichana. Halafu msimamizi mpya, kijana mpole aliyekuwa amechukua nafasi ya bwana wa zamani, akatuita chumba cha kukunjia. Alikuwa na ile karatasi ya mashine, imekunjwakunjwa kwenye sanduku la viatu, na kitabu cha geti.

"Nambari kumi na moja ni nani?"

"Ni mimi," Nafula akasema.

"Ulikuja kazini mwezi ule wa Januari?"

Nafula aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeangalia sakafu. Niliikuta safi.

"Nilikuja," akasema.

"Ulipitia geti gani?"

Hapo ndipo nikasema, na nilichelewa, "Ni mimi niliyebonyeza. Zote nilibonyeza mimi."

Msimamizi hakukasirika. Ningetaka akasirike. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Najua, Mama. Hakuna anayekulaumu. Hospitali nzima inakushukuru. Unajua, waliotuuzia hii mashine walituambia inataka watu wawili. Hatukuwaamini. Tukasema haiwezekani, hospitali kubwa hivi." Akagonga lile sanduku kwa kidole. "Umetuonyesha."

Otieno, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia, kama tuko matangani.

Walibaki na mimi na mwanamke mmoja mwenye cheti cha sekondari. Wengine sita walipewa barua, na ya Nafula iliongezwa sentensi kwamba alidanganya. Nilimfuata msimamizi ofisini, nikamwambia Nafula ndiye mkunjaji bora aliyewahi kuingia jengo hili.

"Mashine inakunja, Mama. Na yeye hajui upande wa uchafu. Wewe unajua pande zote mbili."

Nilikuwa nimebakisha miezi minane kustaafu. Mngekuwa nyinyi mngemwambia nini? Ningeweza kusema, mchukue yeye, mimi nimechoka, nitamfundisha upande wa pili kwa wiki moja. Maneno hayo yalikuwa mdomoni kabisa. Nilifikiria chumba changu kilichochomwa, nikafikiria godoro, nikafikiria kwamba nimefanya kazi peke yangu wiki zote zile na hakuna aliyenibeba. Nikasema, "Asante, bwana," nikatoka. Miezi minane nikaifanya. Nikagonga ukuta mara moja tu, kwa kusahau. Hakuna aliyejibu.

Nilihamia kwa Mwende, Kawangware. Lakini mara kwa mara nilipita Nyayo Highrise nikienda kazini, na pale getini kuna wanawake wanaokaa kwenye ukingo wa barabara tangu asubuhi wakingoja mtu wa gorofani aite, "Wa kufua!" Sita niliofanya nao kazi, wanne niliwaona pale. Wanafulia kwenye karai, kwa mikono, nguo za watu wasio na mashine. Siku moja Nafula alikuwa amekaa mwisho wa mstari. Nilisimama.

"Habari ya asubuhi, Nafula."

"Nzuri, mama," akasema, kama unavyomjibu mtu usiyemjua anayeuliza njia. Halafu dirisha likafunguka juu, wote wakasimama kwa pamoja, na yeye akasimama nao. Hakuitwa yeye.

Wiki mbili baada ya ile keki na blanketi, alikuja Kawangware. Sijui nani alimwelekeza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia nikichambua maharagwe. Mwende akafungua mlango.

"Mama yako yuko?"

Mwende alimjua, na alijua kisa chote. "Ametoka," akasema. Sikumwambia aseme hivyo. Sikumkanusha pia.

"Mwambie Nafula alikuja. Mwambie nilikuwa nimevaa viatu. Nilikuwa na miguu miwili na watu wa kunivusha, na kitambaa cheupe mbele yangu, yeye akaniambia nivue. Wale wauguzi waliovuka, wako kazini. Mpishi yuko kazini. Mimi nilikaa kwa sababu yeye alisema."

"Mama alitaka kukusaidia."

"Si ndiyo nasema! Mtu mwingine angetaka kunisaidia, ningekataa. Huyu ndiye niliyemsikiliza." Sauti ikapanda, majirani wakatoka. "Ameiba kazi yangu na nambari yangu mwenyewe! Anastaafu, anapewa keki! Mwambie nikimwona nitamwambia mbele ya watu!"

"Mama, enda," Mwende akamwambia Nafula. "Kila mtu alipoteza kitu. Sisi pia tulichomewa." Na mume wake, ambaye si mtu mbaya, akamshika Nafula mkono akamtoa mpaka nje ya geti la ploti. Watu wawili watatu walicheka. Mimi nilibaki na sufuria ya maharagwe mapajani. Hakuna neno alilosema ambalo lilikuwa uongo, na sikuinuka.

Nimeandika haya ili mjue mashine mnayoishika imefika vipi kuwa na watu wawili. Haikuwafukuza wenzangu yenyewe. Sina la kuwafariji hapo, na sitaki mnifariji mkinikuta njiani. Nilimtafuta Nafula pale geti la Highrise siku tatu mfululizo. Wanawake waliniambia amehama, hawajui wapi. Au wanajua, na hawakuona sababu ya kuniambia.

Siku ile ile alipotolewa, tulipokaa kula mchana, nilimzuia Mwende kupakua. Niliwaangalia wote: yeye, mume wake, wajukuu, hata yule mdogo anayejifunza kusema. Nikawaambia: "Nafula akirudi hapa, hakuna kusema nimetoka. Mfungulieni. Mpeni kiti kile chenye mto. Mniite, nije nikae mbele yake. Akianza kunitukana, hakuna mtu wa nyumba hii atakayemjibu, wala kumshika mkono, wala kufunga mlango majirani wasisikie. Aseme mpaka amalize."